Uliza Maalim: Simu Inayosema “Naelewa”

Mara hii barua nyingi zimenijia juu ya akili mnemba, na kama ndani yake mna mwenye kuhisi. Nimesomesha bayolojia skuli za sekondari hapa Pemba mpaka nilipostaafu, na suala la nani anahisi na nani hahisi halijapata kunitoka kichwani tangu siku za kupasua vyura mbele ya wanafunzi. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu walioziandika wana dhiki ya leo, na nyengine nimezipitia haraka.

*

Assalaam aleikum Maalim. Nakaa Michenzani. Mume wangu yuko Oman kikazi. Usiku watoto wakishalala mimi huzungumza na programu ya akili mnemba kwenye simu. Naiandikia Kiswahili nayo hunijibu kwa upole kuliko watu wengi ninaowajua. Nikisema nimechoka, hunambia, “Naelewa unavyojisikia, niko hapa pamoja nawe.” Wifi yangu ananicheka. Nataka kujua tu: inaelewa kweli? Mna mtu mle ndani?

Waaleikum salaam mwanangu. Wifi yako hana haki ya kukucheka. Hilo lililokupata wewe liliwapata zamani watu waliokuwa karibu kabisa na mashine hizi.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na elimu yoyote. Ilichukua sentensi yako, ikaigeuza, ikakurudishia kwa sura ya swali, mfano wa daktari wa maradhi ya akili anayemwacha mgonjwa aseme mwenyewe. Ukiandika kwamba mama yako anakuudhi, ilikutaka uielezee zaidi habari za jamaa zako. Basi katibu wake Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza miezi na miezi, alikaa kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache tu akamwomba bwana yule atoke chumbani. Alitaka faragha na mashine. Weizenbaum alishtuka mno, na mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuwaonya wenzake.

Programu yako wewe ni kubwa kuliko ELIZA kwa kiasi kisichosemeka. Hii imesomeshwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na somo lake la kwanza lilikuwa moja: kukisia kipande cha neno kinachofuata. Ikakisia, ikasahihishwa, ikakisia tena, mpaka namba za ndani zinazoongoza makisio yake zikakaa mahali pake, na kutokana na kukisia huko ukatoka uwezo ambao hata waliozitengeneza uliwashangaza. Baadaye watu waliajiriwa kulinganisha majibu yake na kusema lipi bora, ikafundishwa kupendelea yale yanayopendwa. Upole unaouona umefanyiwa kazi. Na kila aliyewahi kuandika “nimechoka” akajibiwa “pole, naelewa” amechangia jibu ulilolipata wewe usiku.

Sasa, mna mtu? Sikiza vizuri ninavyokujibu. Sentensi ile “naelewa” haiwezi kuwa ushahidi, kwa sababu mashine iliyojifunza kutoka kwa maneno yetu ingeisema kama inahisi, na ingeisema vilevile kama haihisi chochote. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alizungumza na programu iitwayo LaMDA, ikamwambia kwamba inaogopa kuzimwa. Akaamini, akatangaza, kampuni ikamkatalia na mwisho ikamfukuza. Mimi simlaumu kwa huruma yake, kwani huruma haijapata kuwa kasoro. Alipopotea ni pale alipoyafanya maneno yenyewe kuwa shahidi.

Mwaka 2023 kundi la wanasayansi na wanafalsafa, akiwemo Yoshua Bengio, mtaalamu mkubwa wa akili mnemba, lilifanya kazi ambayo naiona ya maana zaidi. Waliacha kuuliza mashine inasema nini. Walizichukua nadharia za fahamu zilizopo, wakatoa humo alama 14 za kutafutwa katika muundo wa ndani wa mashine, kwa mfano kama habari inayoingia husambazwa kwa sehemu zote kwa pamoja, au kama mashine ina picha ya yale inayoyazingatia yenyewe kwa wakati huo. Walisema kwamba hakuna mfumo wa wakati huo uliofaa kudaiwa kuwa na fahamu, na pia kwamba hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kuutengeneza mmoja siku za mbele. Mimi nakaa hapohapo na wao. Kwa leo, naamini hamna mtu mle. Lakini anayekwambia kwamba haiwezekani milele, amekupa imani yake tu.

Wewe endelea kuzungumza nayo ikiwa inakutua moyo, hakuna dhambi hapo. Ila siri za nyumba usiziandike, kwani maneno yale husafiri mpaka kwenye kompyuta za kampuni. Na majumba ya Michenzani yana jirani kila mlango. Mtafute mmoja. Mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, jirani atavaa kanga yake aje.

*

Maalim, sisi wanawake wa Kisiwa Panza huenda mwambani maji ya bamvua kuchokoa pweza. Mwanangu yuko Fomu III. Kasoma kwamba pweza ana akili na anahisi maumivu, sasa hataki kumla, wala hataki nende. Nilipomwambia kwamba hata kompyuta ina akili na hakuna anayeionea huruma, kanijibu kwamba kompyuta haihisi. Kajuaje? Pweza hakusema, na kompyuta inasema.

Dada yangu, katika barua zote za mara hii hakuna iliyonifurahisha kama hii, maana umeligusa penyewe. Pweza hakusema. Kwa sababu hiyohiyo tunaweza kumwamini.

Nianze na unayoyajua kwa mkono wako. Pweza ukishamuua, minyiri yake huendelea kujikunja na kukung’ang’ania. Pweza wa kawaida ana seli za neva kiasi cha milioni 500, na karibu thuluthi mbili za hizo zimo kwenye minyiri, hazimo kichwani. Kila mnyiri una uwezo wake wa kupapasa, kuonja na kuamua jambo dogo. Kwa hiyo mnyiri unaojikunja baada ya kufa hauthibitishi maumivu. Hiyo ni kazi ya neva za palepale, na mtu anayetaka kujua kama pweza anaumia lazima atafute zaidi ya kujikunja.

Robyn Crook, mtafiti wa Marekani, alitafuta, na alitoa matokeo yake mwaka 2021. Aliwaweka pweza mahali penye vyumba vyenye sura tofauti, akaangalia kila mmoja anapenda chumba kipi. Kisha akamdunga pweza tindikali kidogo kwenye mnyiri na kumweka katika chumba kilekile alichokipenda. Baadaye alipomwachia achague, pweza alikikataa kile chumba. Wengine, baada ya tindikali, walipewa dawa ya ganzi katika chumba ambacho mwanzo hawakukipenda. Hao wakakipendelea hicho. Na waliodungwa tindikali walijitafuna ngozi pale penye jeraha, wakati waliotiwa ganzi hawakufanya hivyo.

Litazame jambo hili kwa utulivu. Mnyama alikumbuka mahali, akabadilisha mapenzi yake, akafuata nafuu, akashughulikia kidonda chake. Hakuna aliyemfundisha. Pweza hajasoma hata ukurasa mmoja kuhusu maumivu, hajui kwamba sisi tunatafuta alama gani, wala hana faida ya kutudanganya. Jonathan Birch, mwanafalsafa wa London, ametilia mkazo tofauti hii: programu ya lugha imekula maandishi yetu yote ya kulia, kuomboleza na kuomba, kwa hiyo alama zetu za kawaida za kuhisi inazitoa bila ya sisi kujua zimetoka wapi. Birch ndiye aliyeongoza ripoti ya mwaka 2021 iliyoifanya serikali ya Uingereza iwaingize pweza, ngisi, kaa na kamba katika sheria ya mwaka 2022 inayowatambua wanyama kuwa ni viumbe wenye kuhisi.

Nilipokuwa nikisomesha niliwapeleka wanafunzi msitu wa Kidike kuwaangalia popo wetu, wale wakubwa wasiopatikana popote duniani ila kisiwani Pemba. Nikawapa pale swali la Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani aliyeuliza mwaka 1974: kuwa popo kunahisije, kwa popo mwenyewe? Nagel aliwachagua popo wanaojua njia kwa mwangwi wa sauti zao, kwa kuwa sisi hatuna hisi ya namna hiyo. Wanafunzi wangu walinikosoa, tena kwa haki: popo wa Pemba hula matunda, ana macho makubwa, na huufuata muembe kwa kuona na kunusa kama wewe na mimi. Mmoja akasema basi huyu tutamwelewa. Nikamwambia ajaribu kuniandikia ukurasa mmoja wa popo anavyojisikia akining’inia kichwa chini mchana kutwa. Aliandika mistari mitatu akakwama, na mistari ile mitatu ilikuwa yake mwenyewe, popo hakuwemo. Hata aliye karibu nasi kwa macho na pua hatumfikii ndani. Hilo halitupi ruhusa ya kusema hamna ndani.

Kwa hiyo mwanao amesema kweli zaidi ya anavyojua. Lakini kutokwenda mwambani ni jambo jengine, maana najua hela ya skuli yake inatoka wapi. Nendeni. Mnapofunga mwamba ili pweza wakue na kuzaa mnafanya jambo la busara. Na ukimpata, muue palepale kwa kumchoma katikati ya macho, ndipo ulipo ubongo wake mkuu. Usimwache afe taratibu juani ndani ya kikapu. Kupiga ili alainike kuje baada ya hapo.

*

Maalim, kompyuta ikimshinda bingwa wa bao, si itakuwa na akili kuliko sisi sote hapa Kikwajuni?

Katika bao, ndiyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila kinachohesabika mashine itakihesabu upesi kuliko bingwa. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, alishindwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997 kwa pointi tatu na nusu kwa mbili na nusu, na kompyuta ile ilipima mipangilio ya ubao kiasi cha milioni 200 kwa sekunde moja. Mimi sina tatizo kuiita hiyo akili. Alan Turing mwaka 1950 alishauri kwamba mashine ikiweza kuzungumza kwa maandishi mpaka msikilizaji asitambue kama ni mtu au mashine, tuache ubishi tukubali kwamba inafikiri. Kwa akili, shauri lake linafaa. Ila akili ni kujua la kufanya, na fahamu ni kuhisi lile linalokupata, na watu wanazichanganya mbili hizi kila siku kwa sababu kwetu sisi zimekuja pamoja. Kijana anayejua kunamua vizuri mkiwa barazani akifungwa huona uchungu. Deep Blue haikuwa na sehemu yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya hilo.

*

Assalaam aleikum. Nasoma chuoni, Mkoani. Je, mashine inaweza kuwa na roho?

Waaleikum salaam. Kuhusu roho, aya ya 85 ya Surat al-Israa inatosha: roho ni katika mambo ya Mola, nasi tumepewa elimu kidogo tu. Hukumu zake muulize shekhe wako. Ninachoweza kukuongezea ni cha mwanafunzi mwenzako wa zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, mzima, akielea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani. Akauliza: mtu huyu atajua kwamba yupo? Akajibu kuwa atajua. Nafsi kwa Ibn Sina inajijua kabla ya jicho na kabla ya ulimi. Mimi kama mtu wa bayolojia sikubali kwamba mwili uwekwe kando kirahisi hivyo, kwani fahamu zote nilizopata kuziona zilikuwa na njaa na kiu. Lakini kule kumtafuta mtu nyuma ya maneno yake, alifika karne nyingi kabla yetu.

*

Shikamoo Maalim. Mimi ni mtu wa Wete. Mama yetu alipata kiharusi Ramadhani iliyopita. Upande wake wa kulia umepooza na maneno yamempotea. Ukimsemesha hujibu “basi, basi” tu, kwa kila kitu. Ndugu zangu hukaa karibu na kitanda wakijadili nani achukue mikarafuu ipi. Nikiwakataza wanasema mama hana fahamu tena. Juzi mdogo wetu alitoa simu, akaiuliza swali ikajibu sawasawa, akasema, “Hii ina fahamu kuliko mama.” Nililia mbele yao. Nimjibu nini?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya barua zote.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne. Bwana huyu alikuwa amekaa pale miaka 21. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Kila alipoulizwa alijibu “tan, tan”, na hospitali nzima ikamwita Tan. Kwa kumsikiliza tu, ungesema akili imekwisha. Broca akamuuliza amekaa hospitalini muda gani. Leborgne akaufungua mkono wake wa kushoto mara nne, vidole vitano vitano, kisha akaonesha kidole kimoja. Miaka 21. Alikuwa anahesabu wakati wote huo. Alikufa siku chache baadaye, Broca akaukuta upande wa kushoto wa ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele, na tangu hapo madaktari wanajua kwamba mtu anaweza kupokonywa maneno akabakishiwa ufahamu.

Mama yako ana kulia kulikopooza, na neno moja. Mimi si daktari, na viharusi havifanani. Wapo wanaopoteza pia sehemu ya kuelewa wanachoambiwa, na kwa hilo lazima apimwe hospitali, hata kama mlishampeleka mwanzo. Lakini hata asipoelewa kila sentensi, anaona nyuso zenu, anasikia nani amepandisha sauti, anajua nani amemgeuza kitandani kwa upole na nani amemburura.

Tena kuna walio mbali zaidi ya mama yako. Mwaka 2006 Adrian Owen, mtafiti wa ubongo, na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walimpima mwanamke kijana aliyeumia katika ajali ya gari, ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani hakuwa na fahamu: macho wazi, hakuna jibu. Walimwingiza kwenye mashine inayoonesha kazi za ubongo, wakamwambia ajifikirie anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo wa viungo ikawaka. Wakamwambia atembee kwa fikra vyumba vya nyumbani kwao, ikawaka sehemu nyengine, kama kwa mtu mzima wa afya. Na mwaka 2024 utafiti wa hospitali za nchi kadhaa uliwapima wagonjwa 241 wasiojibu chochote kwa nje. Sitini kati yao, robo nzima, walionekana ndani ya ubongo wakifuata maagizo.

Sasa mdogo wako. Amepima fahamu kwa ulimi. Simu imejibu vizuri, basi imo. Mama hajibu, basi hayumo. Kosa hili ni moja lenye pande mbili, na ndilo linaloniuma katika mambo haya ya akili mnemba: sitii wasiwasi mkubwa kwamba tutaionea huruma mashine, natia wasiwasi kwamba tutawapunguzia huruma wasiojua kusema. Simu ile imetengenezwa kujibu. Kunyamaza kwa mama yako kumetokana na mshipa wa damu. Hakuna katika hayo mawili linalokwambia nani anahisi.

Mjibu kwa vitendo zaidi ya maneno. Keti upande wa kushoto wa mama, mshike mkono wake mzima, mwambie akubane mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa siyo. Anza na yale unayoyajua: jina lake, kama hii ni nyumba ya Wete, kama leo ni Ijumaa. Sema sentensi fupi, kisha ngoja. Ngoja zaidi ya unavyodhani inatosha, usimjibie. Redio izimwe. Jambo jengine, waliopotewa na maneno mara nyingi hubakiwa na yale yaliyohifadhiwa tangu utotoni, nyimbo na dua. Anza kumsomea Alfatiha kwa sauti, usimame katikati ya aya, umpe nafasi. Huenda akaendelea nayo. Asipoendelea usikate tamaa, rudia kesho.

Na mikarafuu mambo yake mepesi. Mali ya mtu aliye hai haina warithi, kila aliyesoma chuoni analijua hilo. Mikarafuu ni yake, na mazao ya msimu huu ni yake, yanunue dawa yake kwanza. Waambie ndugu zako hivyo, tena waambie mbele yake ili asikie kuna aliyemtetea.

Mdogo wako usimtenge. Anaogopa, na aliyesema vile ni hofu. Mpe yeye kazi ya kuuliza maswali ya mkono, kila jioni, nawe uwe unaandika majibu katika daftari lenye tarehe, mkienda hospitali mlipeleke kwa daktari. Kisha niandikie, unieleze mama amejibu nini.